Kabla Hujapanda: Namna ya Kujua Ukungu Unaishia Mita Ngapi

Wengi wanaoanza kuongoza wageni au kupiga picha za milima huku Nyanda za Juu Kusini hudhani dawa ya ukungu ni kupanda juu zaidi. Wanaamka saa 9 usiku, wanaukwea Mlima Loleza au kilele cha Mbeya huku wakihema, na saa 1 asubuhi wamesimama ndani ya weupe uleule waliouacha chini, vidole vimekufa ganzi. Juhudi hawakukosa. Walichokosa ni kujua kwamba weupe wa alfajiri ni wa aina mbili, na kila aina ina mahali pake pa kuishia.

Aina ya kwanza ni ukungu wa bondeni. Huu huzaliwa chini na hukaa chini, kama maji kwenye bakuli. Ukivuka uso wake umetoka. Aina ya pili ni wingu lililoegemea mlima. Hili huletwa na upepo, hupandishwa na mteremko, na mara nyingi kadiri unavyopanda ndivyo unavyozama ndani yake. Kazi yako, usiku kabla ya safari, ni kujua ni ipi inayokuja, kisha kukadiria kimo chake. Ukishakijua kimo, kilele hukihitaji. Unahitaji mahali palipo mita 100 hadi 150 juu ya uso wa ukungu, na kwa picha hapo pazuri kuliko kileleni: mabonde bado yana sura, miti inachomoza, na paa la nyumba huonekana limeelea. Ukiwa mita 900 juu, yote hayo yanakuwa shuka tupu.

Kwa nini chini kuna baridi kuliko juu

Kwa kawaida joto hupungua unapopanda, wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Usiku wa anga safi na hewa tulivu, kanuni hiyo hupinduka karibu na ardhi. Ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani, nayo hewa inayoigusa hupoa. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo huteremka taratibu kwenye makorongo na kujaa bondeni. Juu yake inabaki hewa yenye uvuguvugu, imekaa kama kifuniko cha sufuria. Hali hii hapa tutaiita mpinduko wa joto. Mpinduko wenyewe hauonekani; kinachoonekana ni kile ulichokifunika: ukungu kama hewa ina unyevu, moshi kama hewa ni kavu.

Hilo la moshi msilidharau. Kuanzia Agosti hadi Oktoba ardhi imekauka, ukungu wa bondeni ni nadra, lakini mpinduko upo pale pale. Moshi wa majiko ya mkaa, wa matanuri ya matofali na wa nyika zinazochomwa hujaa bondeni na kukatika juu kwa mstari ulionyooka kama uliopigwa rula. Mstari huo ndio kimo cha kifuniko. Mtu aliyejizoeza kuusoma mwezi wa tisa hapati shida kukisia ukungu wa mwezi wa tano katika bonde lilelile.

Msimu mzuri wa ukungu wa bondeni ni mwisho wa masika, Aprili mwishoni hadi Juni. Udongo bado una maji, mawingu yameanza kuondoka, usiku umerefuka. Ndani ya mvua zenyewe unaupata pia, ila kwa bahati: mvua ya jioni, kisha anga likafunguka usiku na upepo ukalala. Hiyo ndiyo asubuhi ya kutopitwa.

Jioni: moshi, sauti na kipimajoto cha bei nafuu

Dalili ya kwanza iko jikoni. Saa 12 na nusu jioni, angalia moshi wa nyumba za bondeni. Ukipanda wima mita chache kisha ukalala na kutandaa kama shuka, mpinduko umeshaanza kujijenga. Ukitawanyika ovyo au ukaelekea upande mmoja, upepo bado unachanganya hewa. Subiri hadi saa 3 usiku uangalie tena.

Dalili ya pili ni sauti. Hewa yenye joto juu ya hewa baridi huirudisha sauti chini, kwa hiyo usiku wa mpinduko utasikia malori ya barabara kuu au honi ya treni ya TAZARA kutoka umbali ambao mchana husikii kitu. Wenyeji wanalijua hili bila kulisomea.

Kisha namba. Nunua kipimajoto cha kidijitali kinachosoma pia unyevu wa hewa, vile vidogo vya kuweka mezani. Kiweke nje kivulini, mita moja na nusu hivi kutoka chini, mbali na ukuta uliokula jua mchana kutwa, na ukiache dakika 10 kabla ya kusoma. Kosa la wageni wengi ni kukisoma kikiwa bado na joto la mfukoni. Ukipata namba mbili, piga hesabu hii: toa asilimia ya unyevu kwenye 100, gawanya kwa 5, kisha toa jibu kwenye joto. Chukua mfano wa jioni yenye nyuzi 18 na unyevu asilimia 70. Mia toa 70 ni 30. Gawanya kwa 5 ni 6. Kumi na nane toa 6 ni 12. Nyuzi 12 ndizo kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa hiyo ikilifikia huanza kutoa maji. Hesabu hii ni ya kukadiria, na unyevu ukiwa chini ya asilimia 50 usiitegemee.

Sasa linganisha na joto la chini la usiku wa jana mahali palepale. Kama jana lilishuka hadi nyuzi 9 na leo anga ni safi vilevile, hewa ya leo itavuka kiwango cha umande mapema, na itabaki na saa nyingi za kutengeneza ukungu mzito. Kama jana liliishia nyuzi 12 au 13, utapata umande kwenye majani na ukungu mwembamba wa magotini. Na kama kiwango cha umande kiko chini ya sifuri na baridi inashuka hadi hapo, huko si kwenye ukungu tena bali kwenye sakitu, yaani barafu nyembamba juu ya majani. Tutaifikia.

Jambo moja linalowachanganya hata wazoefu: hewa iliyotulia kabisa haileti ukungu mzuri. Maji yote huishia kwenye majani kama umande. Ukungu mnene hutaka upepo mdogo mno, chini ya kilomita 7 kwa saa, wa kukoroga hewa baridi na kuipa unene. Upepo ukizidi kilomita 18 kwa saa, kifuniko huchanika. Ndiyo maana Makambako, mji unaojulikana kwa upepo, si pa kutegea ukungu wa bondeni hata kama Njombe na Mafinga zimefunikwa.

Simu inasema nini, na inadanganya wapi

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa utakupa picha ya jumla: mawingu, upepo, joto la chini. Anza hapo. Ukitaka kuona mpinduko wenyewe, programu kama Windy huonyesha joto katika ngazi za mgandamizo wa hewa, unaopimwa kwa hektopaskali. Hektopaskali 850 ni karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, 800 ni karibu mita 2,000, na 700 ni kama mita 3,100. Joto la ngazi ya 800 likiwa sawa au juu ya la 850, hapo katikati pana kifuniko.

Mtego uko hapa. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700. Ngazi ya 850 iko chini ya miguu yako, ndani ya udongo. Programu itakupa namba tu, kwa sababu kompyuta imejaza pengo kwa hesabu, na mgeni ataipokea kama joto la kweli. Kwa Mbeya mjini anzia 800 kwenda juu. Kwa bonde la Usangu, lililo karibu mita 1,100, ngazi ya 850 ni hewa halisi na inafaa sana. Halafu kumbuka kwamba modeli nyingi za dunia, yaani hesabu za kompyuta zinazotoa utabiri, hugawa nchi kwa miraba ya kilomita kati ya 9 na 25 hivi. Bonde la upana wa kilomita 2 halimo ndani yake kabisa. Modeli ikuambie usiku utakuwaje; bonde lisome mwenyewe.

Picha za setilaiti za Meteosat hupatikana bure na mpya hutoka kila dakika 10 hadi 15. Tafuta ile ya usiku iliyotengenezwa kwa ajili ya ukungu na mawingu ya chini, ambamo vitu hivyo huonekana kwa kijani-buluu iliyopauka. Usiangalie rangi peke yake, angalia umbo. Weupe wenye matawi kama mizizi ya mti, unaofuata mito, ni ukungu wa bondeni. Weupe laini kama blanketi lililosukumwa kwenye ukuta wa mlima ni wingu la upepo. Ukiangalia saa 10 alfajiri kabla ya kuwasha pikipiki, unaweza kuokoa safari nzima.

Kupima ukiwa njiani

Hii ndiyo sehemu wanaoanza huiruka, nayo ndiyo inayojenga ujuzi. Unapopanda alfajiri, soma joto kila baada ya mita 50 za kimo. Ukiwa kwenye bodaboda, kipimajoto kikae upande wa upepo, mbali na injini na bomba la moshi, na simama dakika 3 kabla ya kusoma. Kwa miguu, kining'inize nyuma ya begi, si kifuani ambako pumzi yako inakipasha.

Tuseme umeanza mita 1,700 kwa nyuzi 8. Kwenye 1,750 ni nyuzi 7.8. Kwenye 1,800 ni 7.6, na bado uko ndani ya ukungu. Kwenye 1,850 ghafla ni nyuzi 10.5 na nyota zinaonekana. Umetoboa kifuniko, na uso wa ukungu uko kati ya 1,800 na 1,850. Kwenye 1,950 ni 11.8, kwenye 2,050 ni 11.3. Joto limeanza kupungua tena, kwa hiyo kilele cha mpinduko kilikuwa kwenye 1,950 au karibu yake.

Angalia kitu katika namba hizo. Ndani ya ukungu uliokomaa joto hushuka kidogo unapopanda, kama kawaida. Kuruka kwake huja pale juu tu. Mgeni anayetegemea kuona joto likipanda tangu hatua ya kwanza atakata tamaa kwenye mita 1,800 na kurudi, zikiwa zimebaki mita 40. Ukungu mchanga, wa saa moja au mbili, ndio ambao joto lake hupanda tangu chini kabisa. Na ukungu mchanga ni mwembamba: mita 10 hadi 30 kwa kawaida, paa la kanisa linatosha. Uliokomaa hufika mita 100 hadi 300.

Kuhusu kipimo cha kimo chenyewe. GPS ya simu hukosea kimo kwa mita 10 hadi 20 hata anga likiwa wazi, na programu nyingine hutoa namba isiyo ya usawa wa bahari, ikatofautiana na ramani kwa mita kadhaa zaidi. Saa ya mkononi au simu yenye kipimo cha mgandamizo ni nyepesi kushika mabadiliko madogo. Huku kwetu juu, hektopaskali moja ni kama mita 10. Ila nchi za tropiki zina mgandamizo unaopanda na kushuka mara mbili kwa siku kama maji ya bahari: juu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, chini saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Ukiweka kimo chako saa 4 usiku ukaenda kulala, alfajiri saa itakuambia uko mita 10 hadi 20 juu ya ulipo, na wewe hujatoka kitandani. Irekebishe kabla ya kuondoka, kisha tena kwenye kila sehemu ambayo kimo chake unakijua kwenye ramani. Ramani za 1:50,000 zinafaa, lakini tazama kwanza kama kontua zake (mistari ya kimo) ni za mita au za futi, maana zilizochapwa zamani ni za futi. Futi 6,000 ni mita 1,829.

Mahali pa kusimama

Barabara ya Chimala kwenda Matamba ni ngazi ya kupimia iliyojengwa tayari. Inaitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake, na inakutoa kwenye uwanda wa Usangu hadi juu ya mita 2,000. Usihangaike na mita hapo, hesabu kona. Andika kwenye daftari ulitoka kwenye ukungu kona ya ngapi, tarehe, na joto la jioni Chimala. Asubuhi kumi za namna hiyo zitakupa utabiri wa bonde hilo kuliko programu yoyote. Wakati wa mvua barabara hii huteleza, na bodaboda asiyeijua asikubebe gizani.

Barabara ya Mbeya kwenda Chunya ni ya lami na inapita juu ya mita 2,400. Kwenye ukingo wake unaona bonde la ufa chini yako, na Usangu imetandazwa upande wa mashariki. Kwa mgeni mwenye asubuhi moja tu, tungempeleka huko kabla ya kilele chochote. Loleza ni karibu na mji lakini juu kuna minara ya mawasiliano. Usielekeze kamera huko bila kuuliza.

Kitulo hudanganya kwa kimo chake. Watu husikia mita 2,600 wakadhani wako juu ya kila kitu. Uwanda ule una mabakuli yake wenyewe, na hewa baridi hujaa humo kama inavyojaa Uyole, pembeni ya jiji la Mbeya. Kambi isiwe kwenye bonde la majani laini kando ya kijito, hata pakivutia namna gani. Panda mita 30 au 40 tu juu ya kijito na utalala na nyuzi kadhaa zaidi, hema likiwa kavu.

Iringa mjini ni rahisi. Mji umekaa kwenye ukingo juu ya bonde la Ruaha Mdogo, na jiwe la Gangilonga linatosha kuona ukungu wa mto ukiwa chini. Hapo anza kujifunza, kwa kuwa kukosea hakukugharimu chochote zaidi ya kutembea.

Mufindi na Rungwe ni hadithi nyingine, na ndiko wengi wanakochoma mafuta bure. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusi huleta hewa yenye unyevu kutoka baharini, ikagonga ukuta wa milima inayotazama mashariki na kusini, ikapanda na kugeuka wingu. Mashamba ya chai ya Mufindi yamekaa pale pale wingu linapogusa ukingo. Tukuyu, inayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, iko upande uleule wa kupokea. Hapa kipimajoto hakitakuonyesha kuruka kwa joto unapopanda. Kitashuka tu, nyuzi 5 au 6 kwa kila mita 1,000 ndani ya wingu. Ukiona hivyo kwa mita 200 mfululizo na upepo unavuma usoni, acha kupanda.

Kitako cha wingu la namna hiyo hukadiriwa hivi: chukua tofauti ya joto na kiwango cha umande, zidisha kwa mita 125. Tukuyu iko karibu mita 1,500. Mchana ukiwa na nyuzi 18 na kiwango cha umande nyuzi 14, tofauti ni 4, mara 125 ni mita 500. Wingu litaanzia mita 2,000 hivi, na Mlima Rungwe wenye karibu mita 2,960 utakuwa umefunikwa kutoka kiunoni. Ukingo wa Ngozi, ziwa la kreta, nao ulio juu ya mita 2,500, umo ndani. Mgeni aliyelipia kuona ziwa ataona ukuta mweupe. Mwambie mapema, jioni, kabla hajalala akiota picha.

Sehemu ya juu ya wingu hili mara nyingine iko chini ya vilele virefu, mara nyingine imevipita vyote, na tofauti hiyo huioni ukiwa chini. Kwa Mufindi jibu si kupanda hata kidogo. Geuka magharibi, uelekee Mafinga na kuendelea. Hewa ikivuka ukingo huanza kushuka, hupata joto, na wingu huyeyuka. Kilomita 20 au 30 za barabara zinaweza kukutoa kwenye manyunyu na kukuweka kwenye jua kali, mwinuko ukiwa umepungua.

Jua likichomoza

Juni na Julai jua la Mbeya huchomoza karibu saa 1 kamili asubuhi. Iringa hutangulia kwa dakika kama 10. Novemba ni saa 12 na robo. Mwezi wa sita jua hutokea nyuzi 24 kaskazini mwa mashariki kamili, Desemba nyuzi 24 kusini mwake, kwa hiyo jiwe lililokupa mwanga mzuri Krismasi laweza kuwa kwenye kivuli cha mlima katikati ya mwaka. Fika dakika 45 kabla. Rangi nzuri huja kabla ya jua.

Nusu saa baada ya jua, ukungu hautulii. Jua linapasha ardhi, hewa inaanza kupanda, na uso wa ukungu huinuka pamoja nayo na kukwea mteremko. Sehemu iliyokuwa mita 40 juu ya ukungu saa 1 inaweza kumezwa saa 2. Ndiyo sababu ya zile mita 100 hadi 150 za ziada. Ukimezwa, usikimbie juu. Mara nyingi ndani ya saa moja unachanika wenyewe kuwa vipande vya mawingu. Jua likiwa nyuma yako na ukungu chini mbele yako, tazama kivuli chako juu yake: kichwa chake kitakuwa kimezungukwa na pete za rangi. Kila mtu huona pete kwenye kichwa chake tu, na hapo wageni huanza kubishana.

Kamera hudanganywa na weupe, huutoa kijivu. Ongeza mwanga kwa +0.7 hadi +1.3 na uangalie mawingu yasiungue. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ukirudi, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuingia chumba chenye joto, ili maji yashike mfuko na siyo lenzi. Ndege nyuki inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na ndani ya hifadhi kibali kingine. Ukiwa nacho, bado usiirushe ndani ya ukungu.

Barabarani tumia taa za chini. Taa kali hurudishiwa na ukungu machoni pako. Mteremko wa Inyala na ule wa Iwambi una malori mazito ambayo breki zake huzijui, kwa hiyo ukungu ukikukuta pale usisimame pembeni ya lami kupiga picha. Na jiko la mkaa haliingii ndani ya hema, hata kwa dakika tano, hata mlango ukiwa wazi nusu. Gesi yake inayoua haina harufu.

Waulize wakulima

Mzee au bibi mwenye shamba bondeni anajua kimo cha kifuniko kuliko ramani. Amkia kwanza, shikamoo au kamwene kulingana na ulipo, halafu usiulize "ukungu unafika wapi?" Utajibiwa kwa mkono uliopungwa hewani. Uliza nyumba ipi hupata jua kwanza asubuhi za ukungu, na maharage huungua kwa baridi hadi mstari upi. Majibu mawili hayo ni kontua mbili kamili.

Vinyungu (bustani za ardhi yenye maji) vya Njombe, Iringa na Makete vimelimwa bondeni kwa sababu maji yako huko, na baridi nayo iko huko. Juni hadi Agosti, joto likisoma nyuzi 3 au 4 kwenye kipimajoto cha mita moja na nusu, majani ya viazi karibu na ardhi yanaweza kuwa kwenye sifuri. Ndiyo maana mkulima anaona sakitu asubuhi wakati redio ilisema nyuzi 3. Mazao yanayoogopa baridi, na miche ya parachichi ndiyo ya kwanza, yapande katikati ya mteremko, kwenye mshipi ambao hewa ya uvuguvugu huugusa usiku kucha. Maji mwagilia mchana, si jioni, ili udongo ule jua ukiwa umelowa na uwe na joto la kutoa usiku. Nyasi za matandazo zilizotandazwa kwenye udongo huzuia joto hilo lisitoke, na jani lililo juu yake huganda zaidi. Nyasi ziwe juu ya mche, zimeinuliwa na vijiti, na ziondolewe jua likishapanda. Ua wa matete uliokatiza mteremko chini ya shamba huzuia hewa baridi kama bwawa. Fungua pengo la mita 3 mahali palipo chini kabisa, pale ambapo maji ya mvua yangepita, na hewa baridi itapita hapo hapo.